UZI: Umenyanyua pickup na kuvalisha tairi 33? Tuongee breki kabla hujanunua diski kubwa

Fundi_Difu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Kila baada ya siku chache naona mtu anauliza "nimenyanyua Hilux yangu inchi 2, nimeweka tairi 33, sasa gari inachelewa kusimama, ninunue breki gani?" na majibu yanayomiminika ni majina ya kampuni tu, huyu anasema chukua hii, yule chukua ile, mara anatumiwa picha za kalipa nyekundu za pistoni 6 (kalipa ndo inayobana padi kwenye diski). Nikaona nifungue uzi tuliongelee kwa kirefu. Hizi ni breki wakuu, sio taa za mapambo, na ndani ya hizo gari mnapakia familia na wageni wa watu.

Mfano wangu utakuwa Hilux Vigo, ile ya 2005 hadi 2015, maana ndo imejaa huku Arusha na ndo nashinda chini yake. Ila mengi hapa yanaingia hata kwenye Revo, Ranger, D-Max na L200, kwa sababu nyingi zinazokuja huku zina mpangilio uleule, mbele diski, nyuma dramu, lile bakuli la chuma lenye shuu ndani zinazotanuka kulibana.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Pickup nyingi zilizonyanyuliwa shida yake sio udogo wa breki za mbele. Shida ni kwamba breki za nyuma zimeacha kufanya kazi na mwenye gari hajui. Sasa ukienda kununua diski kubwa za mbele unakuwa umeongeza nguvu kulekule ambako tayari kunabeba kila kitu, na nyuma kumebaki kumelala.

Tuanze na tairi. Vigo yenye rimu 17 inakuja na 265/65R17, kipenyo chake kama milimita 776. Ukivalisha 285/70R17, ile mnayoita 33, yaani karibu inchi 33, kipenyo kinakuwa kama 831. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 7. Breki inakamata pale katikati kwenye habu, barabara inasukuma kule pembeni kwenye kashata ya tairi, na huo umbali wa katikati mpaka pembeni umeurefusha. Kwa hiyo mguu uleule ulioukanyagia pedali jana, leo unakupa nguvu pungufu kwa asilimia kama 7 pale chini.

Halafu spidomita nayo inakudanganya. Ikisoma 100, kama hukuirekebisha, gari ipo kwenye 107. Nishati ya mwendo inapanda kwa spidi mara spidi, kwa hiyo asilimia 7 ya spidi inakuwa asilimia 14 na ushee ya nishati ambayo breki inatakiwa iigeuze kuwa joto. Ongeza na uzito. Bampa ya chuma, winchi, rack, hema la juu, tenki la pili la dizeli, friji, droo za nyuma, kirahisi tu umeongeza kilo 300. Gari iliyokuwa na kilo 2,200 sasa ina 2,500. Piga hesabu ya vyote vitatu kwa pamoja, utaona kwamba kwa mguu uleule na spidomita ikisoma namba ileile, pale ulipokuwa unasimama ndani ya mita 40 sasa unahitaji 55 na kidogo. Hakuna kilichoharibika hapo, breki ni nzima kabisa, ni hesabu tu.

Watu wengi wanalaumu kule kunyanyuka kwenyewe, eti gari ikiwa juu uzito wote unakimbilia mbele. Ni kweli unakimbilia mbele ila sio kwa kiasi hicho. Vigo ya milango minne ina urefu wa milimita 3,085 kutoka ekseli hadi ekseli. Tuseme gari ni kilo 2,500, kitovu cha uzito kipo sentimita 70 toka chini, unashika breki ya nguvu sana. Uzito unaohamia mbele ni karibu kilo 397. Ukinyanyua inchi 2 na tairi ikaongeza tena, unafika kama 440. Hizo kilo 40 na kitu zipo, ila hazielezi kwanini gari inainamisha pua kama inataka kulala na bado haisimami.

Kinachoeleza ni kitu kidogo kipo nyuma, na hapa naomba msome taratibu.

Lala chini ya gari, angalia juu ya difu ya nyuma, lile bonge la katikati ya ekseli. Utaona valvu imefungwa kwenye chasisi, paipu za breki zinaingia na kutoka, na kuna mkono wa chuma mwembamba wenye springi unashuka mpaka kwenye ekseli. Hiyo ni valvu ya kusoma mzigo. Ukipakia mizigo bodi inashuka, chasisi inasogelea ekseli, ule mkono unajizungusha kwenda juu, valvu inaruhusu presha nyingi zaidi iende breki za nyuma. Gari ikiwa tupu bodi ipo juu, mkono umeshuka, valvu inabana presha ya nyuma ili tairi za nyuma zisijifunge gari ikageuka barabarani. Ni kitu cha akili sana kwa gari ambayo leo ipo tupu na kesho imebeba tani.

Sasa wewe umeweka springi za inchi 2. Umeitenganisha chasisi na ekseli kwa sentimita 5. Valvu haijui habari za lifti, yaani huko kunyanyua gari, yenyewe inajua umbali tu, kwa hiyo inasoma kwamba gari ni tupu kuliko tupu. Inabana presha ya nyuma kwa kiwango cha juu kabisa. Na kibaya zaidi, springi zako mpya ni nzito, zimetengenezwa zisishuke ukipakia. Kwa hiyo hata ukiweka kilo 600 nyuma bodi haishuki vya kutosha na valvu haipati habari kwamba kuna mzigo. Pale unapohitaji breki za nyuma kuliko siku zote ndo hazipo.

Namna ya kujua ni rahisi. Shuka mlima wowote wa maana, paki sehemu salama, kisha pima joto la diski za mbele na dramu za nyuma kwa ile bunduki ya kupimia joto. Kama huna, sogeza tu kiganja karibu na rimu bila kugusa chuma. Mbele joto linakufukuza ukiwa bado mbali, nyuma unaweza kukaa na mkono hapo ukiongea na simu. Dramu inakuwa ya baridi kabisa. Nimekutana na Vigo ambazo shuu za nyuma zimekaa miaka na bado zina unene wa dukani, wakati mbele padi zinabadilishwa kila mara, na mwenye gari anasema kwa furaha "za nyuma hazijawahi kunisumbua".

Dawa yake ni kurudisha ule mkono kwenye pembe yake ya mwanzo. Kampuni nyingi za lifti zinauza kibraketi cha kazi hiyo, au fundi mzuri wa kuchomelea anakutengenezea kinachopandisha ile sehemu ya chini ya mkono kwa kiasi kilekile ulichonyanyua gari. Ndo maana nawaambia watu, kabla hujafunga lifti piga picha ya ule mkono gari ikiwa tupu sehemu tambarare, upime na umbali.

Ila kuna mafundi wanaufunga ule mkono juu kwa waya, au wanairuka valvu kabisa kwa kuunga paipu moja kwa moja, wanakwambia "sasa nyuma inashika kinoma". Ni kweli inashika. Siku ukiwa tupu kwenye barabara ya vumbi imenyesha mvua kidogo, ukakanyaga breki ghafla, tairi za nyuma zinajifunga kabla ya za mbele na mkia unakuja mbele. Hapo hakuna dereva hodari. Usikubali waya kwenye breki, na ukishafunga kibraketi nenda sehemu wazi isiyo na watu ujaribu gari tupu kwa spidi ndogo, uhakikishe za mbele zinajifunga kwanza.

Nitaendelea na padi na mafuta ya breki, ila ngoja niwaachie nafasi wenye maswali.

Kijana_wa_Mbalizi

Mkuu shikamoo kwa hili somo. Mimi yangu ina ABS (ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge), hiyo valvu bado ipo au ABS inajifanyia yenyewe? Na swali la pili, kuna jamaa huku Mbeya anabadilisha dramu za nyuma anaweka diski, nimeona kazi yake ni safi, unashauri nifanye? Natumia gari kwenda Chunya na mara mojamoja Kitonga nikienda Dar.

Fundi_Difu

Marahaba kiongozi. Gari yenye ABS inayogawa yenyewe nguvu ya mbele na nyuma mara nyingi haina hiyo valvu, inatumia sensa za magurudumu kujua tairi ipi inataka kuteleza. Lakini usiniamini mimi wala karatasi, ingia chini uchungulie. Ukiona mkono unaotoka kwenye chasisi kwenda ekseli, unayo. Usipouona, hilo limekwisha kwako, ruka uende kwenye dramu.

Kuhusu kubadilisha diski nyuma, siko kinyume nayo, diski inajisafisha yenyewe ukitoka kwenye tope na padi unabadilisha kwa dakika chache. Ila jiulize unatafuta nini. Ukishika breki ya nguvu kazi kubwa inafanyika mbele, nyuma ikiwa nzima na imerekebishwa vizuri inatosha sehemu yake. Ukiweka kalipa nyuma, masta silinda (pampu ya pedalini) ileile iliyotengenezwa kwa ajili ya wili silinda za dramu (zile zinazosukuma shuu) inabidi isukume mafuta mengi zaidi, pedali inaweza kurefuka. Handbreki inabidi itafutiwe njia, na wengi hapo ndo wanafanya mzaha, unakuta gari imenyanyuliwa ina tani mbili na nusu haina handbreki ya kuaminika. Halafu mgawanyo wa presha mbele na nyuma umebadilika na hakuna aliyepima.

Fanya hivi kwanza. Kanyaga pedali mara moja uone inaishia wapi, iachie, ikanyage haraka mara mbili. Ikipanda juu zaidi mara ya pili, shuu za nyuma zipo mbali na dramu. Kale kamtambo ka ndani kanakojirekebisha kenyewe kakijaa vumbi kanaganda, na vumbi la huku kwetu, hasa ile njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, linaingia popote. Toa dramu, safisha, angalia wili silinda kama hazivuji, paka grisi ya breki pale shuu zinaposugulia kwenye sahani ya nyuma, kisha rekebisha kwa bisibisi kupitia kale katundu kenye mpira, zungusha kanyota (kale kagurudumu kenye meno) mpaka shuu zianze kusugua, rudisha kidogo gurudumu lizunguke huru. Handbreki nayo itakuja juu yenyewe. Watu wanatoka gereji wanashangaa pedali imekuwa fupi na hakuna kilichonunuliwa zaidi ya grisi na breki klina.

Na vijana wa gereji nawaomba sana, vumbi la dramu msilipulize kwa kompresa. Shuu za zamani nyingine zina asbesto, na hilo vumbi likiingia kifuani halitoki. Lowesha kwanza kwa maji au breki klina.

Nakuru4x4

Salamu kutoka Nakuru. Mimi niko na D-Max imeinuliwa, nabeba mizigo ya shamba mpaka Nairobi na kurudi. Shida yangu ni kurudi, nikishuka Mai Mahiu. Huko juu brake ziko sawa kabisa, lakini nikifika karibu na lile kanisa dogo la Waitaliano pedali inaanza kuwa laini, inazama, na harufu mbaya inaingia ndani. Nikipumzika kidogo inarudi kawaida. Hapo Kirinyaga Road nimeambiwa ninunue kalipa kubwa za pistoni sita. Ni hela mingi sana. Hiyo itanisaidia ama nitakuwa nimetupa pesa?

Fundi_Difu

Karibu sana ndugu yetu. Swali lako ni zuri kwa sababu umeeleza dalili, wengi hawaelezi.

Breki zikichoka kwa joto kuna aina mbili na dawa zake ni tofauti. Pedali ikibaki ngumu na juu, unakanyaga kwa mguu wote ila gari haisikii, hiyo ni padi imepita joto lake, haing'ati tena. Pedali ikiwa laini na inazama, hayo ni mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, kwa hiyo unakanyaga unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Ukipoa unarudi kuwa maji na pedali inarudi. Wewe una hiyo ya pili, na ile harufu inasema padi nazo zinakaribia.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa kidogokidogo hata kama gari imepaki. Madaraja yake yanaandikwa DOT kwenye kopo. DOT 3 ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205, ikishavuta maji inaruhusiwa kushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa hiyo mtu mwenye DOT 3 ya miaka mitano kwenye kalipa anashuka mlima na mafuta yanayochemka nyuzi 140 au pungufu, na kalipa ya mbele kwenye mteremko mrefu inafika hapo bila shida. Mwaga yote, toa hewa magurudumu yote manne, weka DOT 4 nzuri au 5.1 kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa, na urudie kila baada ya miaka miwili. Zote tatu zinachanganyika. Usichanganyikiwe na DOT 5 bila nukta, hiyo ni silikoni, haichangamani na hizi, usiiweke humo.

Sasa kuhusu mlima wenyewe. Chukua Ngorongoro ambayo sisi tunaijua, kutoka ukingoni mpaka chini kreta ni kama mita 600. Gari ya kilo 2,500 ikishuka hizo mita 600 inatoa nishati ya karibu megajouli 14.7. Kusimamisha gari hiyohiyo kutoka spidi 80 ni kama megajouli 0.62. Maana yake ukishuka ile njia ya Seneto kwa breki peke yake ni sawa na kusimama kutoka 80 mara 24 mfululizo bila kupumzika. Hakuna padi wala kalipa ya pistoni 6 iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo kila siku. Hiyo kazi ni ya injini. Madereva wa watalii wanaoshuka pale wanaweka 4L (gia nzito za 4x4), gia namba 1 au 2, mguu unapumzika, breki wanaigusa tu kwenye kona. Lami kama Mai Mahiu, Kitonga au Sekenke huwezi kuweka 4L, ila weka gia ileile ambayo ungepandia mlima huo ukiwa na mzigo, na uiweke kabla mteremko haujaanza. Spidi ikipanda kanyaga breki kwa nguvu mara moja ishuke, kisha achia kabisa ipoe. Ule mtindo wa kulaza mguu juu ya pedali kilomita nzima ndo unaopika mafuta.

Kwa hiyo bosi wangu kalipa usinunue bado. Badilisha mafuta, badilisha padi, kagua nyuma kama nilivyosema hapo juu maana unabeba mzigo na umenyanyua, naona kabisa dramu zako zinashuka Mai Mahiu zikiwa za baridi.

Mama_Vigo

Kaka asante, umenifungua. Mimi naomba tuongee padi. Duka moja Gerezani niliuziwa padi za boksi zuri kabisa, nikaambiwa original, baada ya muda mfupi zikaanza kupiga kelele na moja ikaachana na kile chuma chake cha nyuma. Mtu atajuaje?

Fundi_Difu

Pole dada, na ushukuru hukuwa mlimani. Padi kuachana na chuma ni hatari kuliko kuisha.

Ukitoa padi kwenye boksi igeuze uangalie ubavuni au mgongoni. Padi ya maana ina namba ya bachi na mara nyingi ina herufi mbili mwishoni, kama EE, FF, FG au GG. Herufi ya kwanza inasema inavyong'ata ikiwa ya kawaida, ya pili ikiwa ya moto. E ni mng'ato wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Padi yenye FE inapungua ikipata moto, hiyo kwa gari iliyonyanyuliwa iache dukani. Mimi kwa pickup yenye tairi 33 na vifaa sishuki chini ya FF. Anayevuta trela au anaishi milimani atafute FG au GG, akubali kwamba diski italiwa haraka na vumbi litakuwa jingi. Zile zilizouzwa kwa soko la Ulaya zina alama ya R90, hiyo nayo ni dalili kwamba zilipimwa. Padi isiyo na herufi, isiyo na namba, rangi imepakwa mpaka juu ya sehemu ya kusugulia, kingo zinamong'onyoka ukikwangua na ukucha, irudishe.

Herufi hazisemi padi itadumu muda gani, na wanaoghushi nao wana mihuri. Kwa hiyo duka ni muhimu kuliko boksi. Nunua kwa mtu anayekupa risiti na unayeweza kurudi kwake kesho. Padi za mashindano msinunue, zile zinataka moto ndo zing'ate, asubuhi ya baridi Karatu unatoka nyumbani huna breki.

Ukifunga padi mpya usikimbilie safari. Tafuta barabara tulivu, nenda 60, shika breki ya wastani mpaka kama 10 bila kusimama kabisa, achia, endesha kidogo ipoe, rudia kama mara 10. Padi inaacha utando wake sawasawa kwenye diski. Usiporuhusu hilo ndo unasikia usukani unatetemeka baada ya wiki na kila mtu anasema diski imepinda.

Mzee_wa_Winchi

Mimi napingana na mwanzisha uzi kwa heshima. Nimeweka seti kubwa mbele, diski pana na kalipa za pistoni 6, gari yangu ina tairi 35, hema, matenki mawili na navuta trela. Kabla ya hapo nilibadilisha padi mpaka nikachoka. Sasa hivi inasimama. Msiwaogopeshe watu kununua vitu vizuri.

Fundi_Difu

Mzee wangu shikamoo, na hatupingani. Gari yako ndo hasa gari inayohitaji hiyo seti. Kuna jaribio dogo la kuamua. Breki zikiwa za baridi, lami kavu, sehemu salama, spidi 60, kanyaga kwa nguvu zako zote. Kama tairi zinajifunga au ABS inaanza kugonga, nguvu unayo ya kutosha, kinachosimamisha gari sasa ni tairi na barabara, na kalipa kubwa haitapunguza hata mita moja pale. Faida yake itakuwa kwenye kuhimili joto. Kama umekanyaga mpaka mwisho na tairi hazifiki hapo, basi kweli nguvu imepungua, na baada ya kuhakikisha busta na vakyumu pampu (vinavyousaidia mguu wako) ni nzima, padi ni nzuri na nyuma kunafanya kazi, ndo unaingia kwenye diski kubwa. Tairi 35 na trela ni rahisi sana kufika huko.

Ila anayenunua aulize mambo haya kabla hajalipa. Rimu yake itapita juu ya hiyo kalipa? Nyingi zinataka 17 kwenda juu, na mtu mwenye rimu 16 anajikuta ananunua rimu na tairi upya. Pistoni ni kubwa kiasi gani ukilinganisha na masta silinda, maana zikizidi sana pedali inakuwa ndefu. Na kubwa kuliko yote kwetu huku, padi zake zinapatikana wapi? Padi ya Vigo ya kawaida unaipata Mpanda, unaipata Musoma. Padi ya kalipa ya Australia au Afrika Kusini unaisubiri kwa ndege. Ukichukua seti nunua na padi za akiba mbili, zikae kwenye droo pamoja na spana.

Kuna njia ya katikati ambayo watu wanaisahau, diski ya saizi ileile lakini ya chuma bora yenye michirizi, na padi nzuri, kalipa yako ya kiwandani ikiwa imefanyiwa sevisi, pini zake zinateleza na mipira haijapasuka. Michirizi inakwangua tope na vumbi. Diski zenye matundu siwashauri kwa kazi zetu, matundu yanajaa tope na ndo sehemu nyufa zinapoanzia. Na diski yoyote ile, ukitoka mlimani ikiwa ya moto usiingie nayo mtoni moja kwa moja, subiri ipoe.

Kijana_wa_Mbalizi

Mkuu nimeingia chini kama ulivyosema. Valvu ipo! ABS ipo na valvu ipo. Ila nimeona kitu kingine, hozipaipu ya breki ya nyuma inayotoka chasisi kwenda kwenye ekseli imenyooka imekaza. Hiyo ni kawaida?

Fundi_Difu

Sio kawaida, na usitembelee gari mbali ikiwa hivyo. Kama imekaza gari ikiwa imesimama chini, siku gurudumu moja likining'inia kwenye korongo ekseli itashuka zaidi na hiyo hozi ndo itakayoizuia. Inavutika pale inapoingia kwenye chuma, inapasuka ndani bila kuonekana nje.

Nyanyua gari kwa jeki kwenye chasisi, weka stendi imara, acha ekseli ining'inie mpaka mwisho wa shoku. Hapo hozi bado inatakiwa iwe na ulegevu. Ikikosa, nunua ndefu, za mpira au zile zilizosukwa na waya wa stenles, hizi za pili hazitanuki ukikanyaga na pedali inakuwa na msimamo. Angalia nayo ile waya ya sensa ya ABS, inakaa palepale na inakatika vilevile. Mbele geuza usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho gari ikiwa juu, uone hozi haisuguani na tairi wala mkono wa juu wa suspensheni. Ukishabadilisha hozi lazima utoe hewa, kwa hiyo hapohapo mwaga mafuta yote uweke DOT 4.

Halafu piga picha ya ule mkono wa valvu gari ikiwa chini, tambarare, tupu. Piga nyingine ukiwa umepakia mzigo wako wa kawaida wa Chunya. Ziweke zote mbili hapa pamoja na inchi ulizonyanyua nyuma, nitakwambia kibraketi kiwe na urefu gani.